Kata ya Watu Wanaoanguka

Jumanne asubuhi, mtu wa kwanza aliingia chumba cha vidonda akiwa amebeba kipande cha sikio lake kwenye leso. Alikuwa amekifunga vizuri, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Damu ilikuwa imemshuka shingoni mpaka kwenye mkanda wa suruali. Alikuwa mponda kokoto wa machimboni, kijana wa miraba minne, na nyuma yake wenzake wawili walisimama mlangoni wakihema.

"Nimeanguka, Bi Uzi," alisema kabla hajaulizwa.

"Naona. Umeangukia meno ya nani?"

Wenzake waliangua kicheko. Yeye mwenyewe alijaribu kucheka, uso ukamkunjamana kwa maumivu.

"Ya lile jitu la genge la kusini. Walitaka kutunyang'anya uso wa mwamba. Mwamba tuulipue sisi, kuponda waje wao!"

"Na yeye yuko wapi?"

"Anakuja, mama. Yeye anabebwa."

Bi Uzi alifungua leso, akakitazama kile kipande, akakitupa kwenye bakuli la chuma. "Hiki hakina safari ya kurudi. Geuza kichwa."

Alimshona mishono tisa. Hajafunga fundo la mwisho, yule wa pili akaingizwa akiwa juu ya bati, watu wanne wamelishika pembe zake. Nyundo ilikuwa imempasua juu ya jicho mpaka mfupa ukaonekana. Wenzake wa yule mwenye sikio walipomwona walitaka kummalizia palepale, kwenye bati lake. Bi Uzi akanyanyua mkasi.

"Atakayemgusa mgonjwa wangu humu ndani nitamshona mdomo bila ganzi. Nje!"

Walitoka mmoja mmoja, vichwa chini, wanaume ambao jana yake walikuwa wakitembea na baruti mfukoni. Machimboni pale hapakuwa na mtu asiyeiogopa sindano ya mama yule, na hapakuwa na familia ambayo sindano ile haijaingia.

Alipomaliza alinawa mikono, akavuta daftari la majeraha, akajaza. Jina. Umri. Jeraha. Mishono. Alipofika kwenye safu ya mwisho, iliyoandikwa Sababu, hakufikiri hata kidogo. Ameanguka. Akashuka mstari wa pili. Ameanguka. Kurasa za nyuma zilikuwa hivyohivyo, juu mpaka chini, kana kwamba kata nzima imejengwa juu ya maganda ya ndizi.

* * *

Mtu aliyeanguka kweli katika maisha ya Bi Uzi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mumewe. Alianguka kutoka juu ya mwamba akiwa anatoboa tundu la baruti, akaacha mjane na mtoto wa miaka minne. Wenye machimbo walimletea mjane pole na nyundo ya marehemu. Akaenda zahanati kuomba kazi ya kufagia. Alifagia chumba cha vidonda huku macho yake yakiwa kwenye mikono ya mshonaji wa zamani, mzee aliyetetemeka vidole. Siku moja mzee alishindwa kuingiza uzi kwenye sindano mara tano, yule mfagiaji akaweka ufagio chini, akamwingizia. Kutoka hapo akawa anamwingizia kila siku, kisha akawa anashona yeye, kisha akapelekwa mafunzo ya miezi tisa akarudi na cheti. Miaka kumi na tisa sasa alikuwa kwenye kiti kile. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti. Watu walimwita Bi Uzi.

Ule uandishi wake ulianzia mwaka wa tatu. Sheria ilisema, na bado inasema, kwamba mtu aliyejeruhiwa kwa kupigwa asiguswe mpaka alete fomu ya polisi yenye muhuri. Kituo cha polisi kiko ng'ambo ya machimbo, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na askari mwenye muhuri akienda kula huondoka na ufunguo wa droo. Mtu aliyetunga sheria hiyo hajawahi kuona paja lililochomwa kisu. Bi Uzi aliliona mwaka ule. Kijana alilazwa mbele yake, damu inaruka kama maji ya bomba bovu, naye sindano iko mkononi, uzi umeshaingia. Akasema neno aliloambiwa aseme: "Leteni fomu." Ndugu wa kijana alitoka mbio. Bi Uzi alikandamiza kwa pamba, akakandamiza kwa shuka, akakandamiza kwa magoti. Damu ilijaza mfereji wa sakafuni, ikafika mlangoni, ikateremka ngazi. Ndugu aliporudi fomu ilikuwa safi kabisa, na muhuri wake umekaa sawasawa katikati. Kijana alikuwa ameshafunikwa.

Tangu siku hiyo kila mtu ameanguka.

Polisi walifurahi kwa kupungukiwa na kazi. Tabibu wa zahanati alitia saini kila mwisho wa mwezi bila kusoma. Diwani wa kata alisema hadharani kwamba watu wake ni watu wa amani. Wagonjwa nao walijifunza wimbo, wakawa wanauimba tangu getini. Hata machimboni watu walitishana kwa lugha hiyo: "Endelea kunichezea, leo Bi Uzi atakuandika."

Lakini uongo ni kama mbuzi wa jirani. Ukimwachia upenyo wa kupitisha kichwa, kesho utamkuta katikati ya shamba.

Mtoto yule wa miaka minne alikua, akashika kazi ileile iliyomuua baba yake, akaitwa Baruti. Alikuwa mlipuaji hodari. Mlima uliposema "siondoki," yeye ndiye aliyeitwa kuuondoa. Alileta nyumbani bati jipya, makochi, runinga pana kama mlango, na miaka mitatu iliyopita akaleta mke. Bi Uzi alimpenda mkaza mwana wake tangu siku ya kwanza, binti mpole mwenye kicheko cha kuchelewa, anayecheka wakati wenzake wameshamaliza.

Mwezi wa tano tu wa ndoa, binti aliingia chumba cha vidonda akiwa amefunika uso kwa khanga. Nyusi ilikuwa imechanika.

"Nimeanguka, mama."

Walikuwa wawili tu chumbani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Bi Uzi alishona mishono minne, midogo kuliko yote aliyowahi kushona, akavuta daftari. Mkono ulisita. Kisha ukaandika. Mwaka uliofuata ikawa kiganja, kimekatwa na chupa. Mwaka huu, mwezi wa pili, ikawa utosi. Kwa watu wengine mkono wa Bi Uzi uliandika kwa huruma. Kwa binti huyu uliandika kwa woga wa mama anayeona mwanawe wa pekee akifungwa pingu. Wino ulikuwa uleule, na daftari halijui tofauti.

* * *

Mchana wa Jumanne hiyohiyo, mwanamke kijana mwenye nywele fupi aliingia na kishikwambi kwapani. Viatu vyake vilikuwa vimeshakuwa vyeupe kwa vumbi la kokoto.

"Shikamoo mama. Mimi ni mpimaji. Tunapima maendeleo ya kata."

"Marahaba. Karibu tena. Mwaka jana si mlikuja mkaandika mapato, tukawa wa kwanza?"

Ni kweli. Miaka mitatu mfululizo kata ile ilikuwa ya kwanza wilayani. Kokoto zake zilitandikwa chini ya nusu ya barabara za nchi, malori yalipanga foleni tangu alfajiri, na diwani alikuwa amesimamisha bango kubwa njia panda: KATA YA MFANO. Nyuma ya bango palikuwa na mlima ulioliwa mpaka kiunoni. Chemchemi iliyokuwa ikitoka chini yake ilikuwa imekauka. Watoto walikohoa kama wazee, wanaume walipigana kwa mitarimbo kugombea uso wa mwamba, jioni wakaenda kumalizia hasira majumbani. Lakini karatasi ya mapato haina safu ya hayo.

"Mwaka huu hatuulizi watu wanapata kiasi gani," mpimaji alisema.

"Makubwa! Sasa mtauliza nini?"

"Maji yako umbali gani. Mtoto amekohoa siku ngapi mwezi huu. Mtu ana saa ngapi za kupumzika. Mlima umebaki kiasi gani kwa wajukuu. Na kama mtu analala nyumbani kwake bila kuogopa."

"Hilo la mwisho nalo linapimika?"

"Ukiuliza vizuri na ukijibiwa kweli, linapimika. Pato linakwambia mtu leo ameshiba, mama. Halikwambii kama alichokula ni mbegu."

Bi Uzi alicheka. "Maneno hayo mnafundishwa chuoni?"

"Nimefundishwa na bibi yangu. Chuoni walinipa kishikwambi tu."

Walipendana hapohapo. Ndiyo maana mpimaji alipoomba daftari la majeraha, ili akalisome ofisini kwa tabibu, Bi Uzi alihisi kama ameombwa avue nguo.

Kesho yake, Jumatano, mpimaji alishinda nyumba kwa nyumba akiuliza maswali yake, na jioni jua likiwa bado juu akarudisha daftari.

"Mama, sijui niseme nini. Miaka kumi na sita hajapigwa mtu hata mmoja."

"Eeh."

"Lakini mnaanguka! Mwaka jana peke yake watu mia nne na kumi na wawili. Kuna siku wameanguka watu kumi na wanne, saa moja, mahali pamoja." Alimkazia macho. "Wanaangukaje wote kwa pamoja, mama?"

Hapo palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Bi Uzi aliusukuma ukafungwa.

"Mawe yanateleza, mwanangu."

Mpimaji alifunga kishikwambi. "Basi. Kesho kutwa matokeo yanasomwa uwanja wa shule. Kata itakayokuwa ya mwisho kwa usalama itajengewa kituo cha polisi hapohapo ubavuni mwa zahanati, muhuri wake wenyewe, askari wake wenyewe, mchana na usiku. Itapata chumba cha upasuaji, na nyumba ya hifadhi ya wanawake na watoto. Niliombea iwe kata hii, kwa sababu leo kuna mwanamke mmoja..." Akaacha. "Lakini ni mmoja tu. Daftari lina uzito kuliko mtu mmoja."

Alipotoka, Bi Uzi alibaki ameshika jalada la daftari kama mtu anayezuia sufuria isifurike. Kumbe ile rehema yake, iliyookoa mamia ya mapaja na shingo, ndiyo iliyoificha kata nzima isionekane. Akisema kweli, ameghushi daftari la serikali miaka kumi na sita; atafukuzwa, pengine atafungwa. Na ndani ya kweli hiyo kuna mistari mitatu inayomwita mwanawe kwa jina. Usiku hakulala. Alfajiri alijiambia atanyamaza.

* * *

Alhamisi, saa tatu asubuhi, benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa. Mwenye sikio alikuwa upande huu akisubiri kubadilishwa bandeji, jitu la genge la kusini upande ule na kichwa kimefungwa kama kilemba, na katikati yao mama mmoja na mtoto anayekohoa.

"Unanitazama nini?" jitu liliuliza.

"Natazama meno yaliyonila sikio. Yameshiba?"

Mpimaji alikuwa amekuja kuaga. Alikuwa bado mlangoni, geti liliposukumwa kwa kishindo na mkokoteni wa maji ukaingia, bila madumu. Jirani alikuwa akiusukuma huku analia. Juu yake alilala mkaza mwana wa Bi Uzi.

Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika, umekaa upande usio wake. Mdomo umepasuka, macho yamefumba kwa uvimbe, na kutoka kwenye paji mpaka nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imefunguka kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi.

"Huyu!" mpimaji alisema. "Ni huyu niliyemhoji jana. Ni yeye peke yake mtaani aliyesema analala kwa kuogopa."

Jirani alijifuta kamasi kwa mkono. "Ndiyo hilo lililomponza. Kuna mtu alikaa dirishani akasikiliza, asubuhi akamfikishia mumewe. Amempiga kwa mguu wa kochi, Bi Uzi. Akimuuliza, 'Unaniogopa? Sema sasa unaniogopa?'"

Walimlaza mezani. Bi Uzi alichoma ganzi, akaosha, akaanza kushona. Vidole vilikuwa vimefundishwa kufanya kazi hata mwenye vidole akiwa hayupo. Mishono ishirini na miwili. Alipofunga fundo la mwisho mpimaji alikuwa amesimama kando, daftari amelifungua, kalamu mkononi, machozi yanamdondoka juu ya karatasi.

"Sababu, mama?"

Kutoka mezani, kupitia mdomo uliopasuka, sauti ndogo ikatangulia. "Andika nimeanguka. Mama, mwambie aandike nimeanguka. Usijiponze kwa ajili yangu."

Kabla Bi Uzi hajafungua mdomo, dirisha lilipasuka. Vioo viliruka mpaka kwenye bakuli la sindano. Baruti alikuwa uani, mtarimbo mkononi, fulana imelowa jasho.

"Mke wangu yuko wapi? Nimekuja kumchukua!"

Aliingia kwa mlango akikipiga kila kitu kilichokuwa kando yake. Kabati la dawa likaenda chini. Chupa za spiriti zikapasuka, harufu ikajaa chumba kizima. Mama mwenye mtoto alikumbatia mwanawe akajibana ukutani. Bi Uzi alisogea akasimama kati ya mwanawe na meza.

"Baba, rudi nyumbani."

"Toka hapo, mama. Haya ni mambo yangu na mke wangu. Amenitangaza mpaka kwenye kompyuta za serikali!"

"Amejibu alichoulizwa."

"Na wewe si huwa unaandika vizuri? Andika kama kawaida, nimchukue niende!"

Neno lile lilimwingia Bi Uzi kuliko mtarimbo. Kumbe mwanawe alikuwa akilitegemea daftari. Kila alipoinua mkono nyumbani kwake alijua kuna kalamu ya mama yake inayomsubiri kumfuta.

"Leo hapana," alisema.

Mtarimbo ulishuka. Labda alikusudia kumtisha, labda alikusudia meza. Hata baadaye mahakamani alisema hakumbuki. Ulimkwaruza mama yake kichwani, ukachana ngozi, ukatua kwenye mtulinga wa kulia. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Bi Uzi alikwenda chini kwa magoti, damu ikamfunika jicho.

Hapo ndipo benchi liliposimama. Mwenye sikio alimrukia Baruti mgongoni, jitu la kusini likamkata mtama, na wale maadui wawili, waliokuwa wameng'atana Jumanne, wakamshusha sakafuni kwa pamoja bila hata kutazamana. Wakaanza kumpiga. Walimpiga kwa ngumi, kwa visigino, kwa mguu wa kabati. Meno yake mawili yaliteleza sakafuni kati ya vioo. Wapo watu waliopigana maisha yao yote bila kupata sababu nzuri, na siku wanapoipata hawajui pa kusimamia.

"Msimuue!" Bi Uzi alipiga kelele kutoka chini. "Mfungeni! Mkimpasua huyo sina mkono wa kumshona!"

Jitu lilisita, ngumi juu. Kisha likacheka huku likihema, likavuta bunda la bandeji, wakamfunga Baruti mikono na miguu kwa mita nyingi za bandeji ya serikali, mpaka akabaki kama maiti ya mtu aliyekufa kwa ajali mbaya sana.

* * *

Tabibu alikuja mbio kutoka kwenye kikao cha diwani. Aliingia, akaona, akashika kichwa. Kisha akachutama karibu na Bi Uzi, akavuta pamba.

"Nipe sindano nikushone haraka. Wewe binti, andika pale: ameanguka."

"Hapana," Bi Uzi alisema.

"Bi Uzi, kichwa hiki kinamwaga damu. Ikiandikwa umepigwa, sheria hainiruhusu kukugusa mpaka fomu. Unaijua sheria kuliko mimi. Tuandike umeanguka, mengine baadaye."

"Fomu ifuatwe."

"Ni saa nzima!"

"Najua ni saa nzima. Nani anajua kuliko mimi?" Alimgeukia mpimaji. Jicho moja lilikuwa jekundu, jingine limefumba kwa damu. "Mwanangu, ulisema likiulizwa vizuri na kujibiwa kweli linapimika. Haya, uliza."

Mpimaji alipiga magoti sakafuni kati ya vioo. "Mgonjwa wa kwanza. Sababu?"

"Andika: amepigwa na mumewe. Mlipuaji wa machimboni, mwanangu wa kumzaa mwenyewe."

Kutoka kwenye bandeji zake Baruti aliita, "Mama!" Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka minne. Bi Uzi alifumba jicho lake moja zima, akalifumbua.

"Mgonjwa wa pili. Sababu?"

"Amepigwa. Na huyohuyo. Sasa tazama saa yako. Pima muda ambao mtu wa kata hii anakaa na damu yake akisubiri muhuri. Na hilo nalo liandike kwenye hiyo kompyuta yako."

Mwenye sikio alitoka mbio kufuata fomu. Watu walisikia baadaye kwamba alivuka machimbo katikati ya mlipuko, mawe yakipita juu yake, na kwamba alipofika askari mwenye muhuri alikuwa amekwenda kunywa chai. Huku zahanati, tabibu alikaa ukutani na sindano mapajani, analia kwa hasira, hathubutu. Aliyekandamiza kichwa cha Bi Uzi alikuwa mkaza mwana wake. Aliteremka mezani, mkono mmoja unaning'inia, na kwa ule mmoja mzima akashika pamba, akakandamiza. Pamba ikalowa, wakampa nyingine. Ikalowa. Midomo ya Bi Uzi ilibadilika rangi, mwili ukaanza kutetemeka, akawa anauliza, "Ngapi?" na mpimaji anajibu, "Dakika arobaini, mama." Kisha, "Dakika sabini." Kisha akaacha kuuliza, mpimaji akaendelea kumjibu hivyohivyo, kwa sauti, ili asilale.

Fomu ilifika baada ya saa moja na dakika arobaini. Muhuri wake ulikuwa sawasawa, katikati.

Tabibu alishona mishono kumi na sita, mikubwa kama ya gunia. Bi Uzi alizinduka kwenye wa tisa.

"Punguza kuvuta," alisema. "Hicho ni kichwa, si kiroba cha mkaa."

* * *

Ijumaa matokeo yalisomwa uwanjani. Kata ya mfano ilikuwa ya mwisho. Daftari la miaka kumi na sita liliondolewa kwenye hesabu kwa kukiri kwa mwandishi wake, ikabaki mistari miwili ya Alhamisi, jibu la mwanamke mmoja, na dakika mia moja za kusubiri. Wataalamu walibishana asubuhi nzima kama vinatosha, mpimaji akasimama mbele yao na nguo yenye damu ya jana, hakuibadilisha makusudi, wakaacha kubishana.

Kata haikumshangilia Bi Uzi. Diwani alisema amewachafua mbele ya wilaya. Wachimbaji walinung'unika kwamba sasa askari watajaa. Mwanamke mmoja aliyewahi kushonwa naye mara mbili alitema mate karibu na miguu yake. Barua ya kumsimamisha kazi ilimfika kabla ya jua kuzama, na shauri la kughushi likafunguliwa. Yeye akaondoka uwanjani taratibu, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na njiani akapitia kituoni. Alimpelekea mwanawe rumande uji, kwa sababu meno ya mbele hana. Alisubiri mpaka akamaliza, akachukua kikombe.

Mkaza mwana, aliyekuwa sasa akiishi chumbani kwa Bi Uzi, alikiona kikombe, akajua kimetoka wapi, akakiosha.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Mwenye sikio alikuwa nje, ametazama viatu vyake.

"Shikamoo, Bi Uzi. Nimekuja kwa ile ya Jumanne. Sikuanguka."

"Najua. Nilikushona mimi."

"Basi nataka iandikwe." Alijikuna bandeji. "Na yuko mwenzangu hapo nje anaona haya kuingia. Ana tano, tangu mwaka juzi."

Kwenye kona ya ukuta, kilemba cheupe cha jitu la kusini kilichungulia, kikarudi.

Bi Uzi hakuweza kuinua mkono wa kulia. Alimwita mkaza mwana, akamwonyesha daftari tupu la shule juu ya kabati. Binti alilileta, akakaa mezani, akachora safu kwa ukingo wa kitana. Jina. Umri. Jeraha. Mishono. Alipofika safu ya mwisho alisimama, kalamu juu ya karatasi.

"Nianze na huyu, mama? Au na wale wa zamani?"

"Anza na zako," Bi Uzi alisema. "Nyusi. Mwezi wa tano wa ndoa. Mishono minne."